Kibanio cha Chini ya Tangi

"Usiiguse, usiisafishe, usiitengeneze," wakili alimwambia, akikunja kidole kimoja kimoja kama anayemtuma mtoto dukani. "Kuanzia leo hiyo pikipiki si chombo cha kazi. Ni shahidi wako. Iache na matope yake, iache na damu yake, mpaka mtaalamu wetu aje aikague wiki ijayo. Tumeelewana, mama?"

Walikuwa wameelewana. Sindano aliyabeba maneno hayo kutoka mjini hadi kwake bila kumwaga hata tone, mtoto mgongoni, mkoba wa madaftari ubavuni. Njiani alishapanga kila kitu. Akifika tu ataomba madereva wairudishe ile pikipiki iliyopondeka, waliyoihamisha isinyeshewe, nyuma ya bafu ilipolazwa tangu polisi waiachie, aifunike kwa turubai, na atamwonya kila mpangaji asiisogelee, hata kuanikia nguo.

Alipokata kona ya uchochoro akasikia honi. Zilikuwa honi saba au nane kwa pamoja, kama zinazosindikiza bibi harusi.

Uani, madereva wa kijiwe walikuwa wamejipanga mstari na makoti yao ya kung'aa. Katikati yao ilisimama pikipiki ya mumewe. Taa mpya. Usukani mpya. Tangi limenyooshwa na kupakwa rangi, minyororo imepakwa mafuta, magurudumu yameoshwa mpaka unaweza kujitazamia.

"Shemeji, fumba macho!" alipiga kelele mzee wa kijiwe, yule wanayemwita Mwenyekiti. Halafu akacheka. "Basi tena, umeshaona. Haya, fumbua!"

"Tumejitolea wote," alidakia mwingine. "Siku tatu tulikuwa nayo gereji. Tulikuambia tunaihamisha isinyeshewe, kumbe!"

Sindano akakaa chini, hapo hapo kwenye changarawe, mtoto akishangaa begani.

"Mnaona?" Mwenyekiti aliwaambia wenzake, sauti imelegea. "Mwanamke analia kwa furaha. Nani alisema tumsubiri mumewe mpaka apone?"

Dirishani, mumewe alikuwa amejiinua kwa viwiko, uso umekonda, anatabasamu. Wiki tano tangu amtoe hospitali, hilo lilikuwa tabasamu la kwanza. Sindano alilitazama, akameza kila alichotaka kusema.

*

Jina la Sindano alipewa na hao hao madereva, kwa kuwa kazi yake ni kushona viti vya pikipiki. Anafungua kiti, anang'oa ngozi iliyochanika, anachonga sponji mpya, anakirudisha kikiwa kimenona. Mumewe naye walimwita Taratibu, na hilo halikuhitaji maelezo. Abiria wenye haraka walikuwa wakimruka. "Huyu ukimpanda asubuhi," walisema kijiweni, "mwambie mkeo akuwekee chakula cha kesho." Alicheka nao, na akaendelea na mwendo wake.

Ndiyo maana ile karatasi ya polisi ilimuuma mpaka kwenye mfupa: mwendo kasi na uzembe wa dereva. Kwenye kona ya mashine ya kusaga, alipokata kushoto, pikipiki ilichomoka kama iliyopigwa kiboko, ikaenda kujibamiza kwenye ukuta wa ghala. Mguu wa kulia ulivunjika mara tatu. Neno la kwanza alilosema akiwa kwenye machela lilikuwa hilo: "Niliachia mkono wa mafuta, ukakataa kurudi. Mafuta yamekataa kurudi." Mkaguzi alikuja, akasimama kando ya pikipiki, akazungusha kinachozunguka, akaandika kwamba hakuona kasoro. Watu wakasema basi, hata Taratibu siku moja moja huchoka kuwa taratibu.

Lakini palikuwa na jambo ambalo watu hawakulijua. Asubuhi ile mtoto alikuwa anachemka homa, macho yamegeuka, na Sindano alimpigia mumewe simu akipiga kelele. "Njoo upesi! Acha kila kitu, njoo upesi!" Naye akajibu neno moja tu: "Nakuja." Kisha simu ikakatika, na baada ya hapo ikapigwa na mtu mwingine.

Mtoto alipona homa siku ile ile. Baba yake ndiye aliyelala.

Polisi walipomuuliza kando ya kitanda kama alikuwa na haraka ya kwenda mahali, alisema hapana. Hakuitaja simu. Sindano alikuwa amekaa pale pale, amemshika kidole gumba, na alilielewa jibu lile namna moja tu: ananifichia. Kama alikimbia, alikimbizwa na mimi. Tangu siku ile kila akimfunga bandeji anayatazama yale mapini ya chuma yaliyotokeza mguuni, anajiambia, haya umeyapigilia wewe.

Kilichomfungulia dirisha dogo kilikuwa darasa la jioni. Mwalimu aliwakalisha mbele ya kompyuta, akawaambia kila mmoja atafute anachotaka, ili wazoee tu. Mwenzake wa kulia akatafuta mpira. Wa kushoto akatafuta magauni. Sindano akaandika aina ya pikipiki ya mumewe, akaongeza: mafuta yanakataa kurudi.

Tangazo lilikuwa la miezi saba nyuma, la nchi nyingine, na mwalimu ndiye aliyemsomea sehemu ngumu. Kiwanda chenyewe kilikuwa kinawaita wenye pikipiki za toleo fulani wazirudishe zikarekebishwe bure. Kuna kibanio, yaani kipande kidogo cha bati kinachoshika waya wa mafuta chini ya tangi, ambacho ni laini kuliko inavyotakiwa. Pikipiki ikiwa na mzigo, kinaweza kupinda. Kikipinda, usukani ukikatwa kushoto waya unavutika, na injini inaongeza moto yenyewe. Chini yake kulikuwa na orodha ya namba za chesisi, kutoka hii mpaka ile. Namba ya Taratibu ilikuwa humo katikati, imekaa kama mtu aliyealikwa.

Wakala aliyeziingiza hapa hakuwa amemwambia mtu yeyote kitu.

Mwalimu alichapisha karatasi, akampa na jina la wakili anayesaidia watu bure kila Alhamisi. Na wakili, mwanamke kijana mwenye miwani iliyofungwa gundi upande mmoja, hakumpamba kwa maneno. Ile bima yenu, alisema, inamlipa mtu mliyemgonga, haimlipi dereva mwenyewe. Lakini mnaweza kumshitaki wakala aliyeleta chombo kibovu na duka lililokiuza. Mnaweza pia kupeleka malalamiko kwa wakaguzi wa viwango, walazimishe pikipiki zote za toleo hilo zirudishwe. Msikae mkangoja miaka, maana haki nayo ina tarehe ya mwisho.

"Njia zipo, mama. Ila zote zinapita mlango mmoja: hicho kibanio. Tusipokuwa nacho, tuna karatasi ya nchi za watu na maneno ya mgonjwa. Wakili wao atatutafuna."

*

"Vipuri vile vya zamani viko wapi?" Sindano aliuliza, akifuta uso kwa pembe ya kanga.

"Vya nini, shemeji?" Aliyejibu ni Spana, fundi wa kijiwe, mtu mfupi asiyetoka bila bisibisi sikioni. "Pikipiki imekuwa bikira, wewe unauliza vya zamani?"

"Spana, nakuomba."

Kitu katika sauti yake kilimfanya fundi aache mzaha. Wakaenda wote gereji, hatua mia moja tu, madereva wakifuata nyuma wakinong'ona. Spana akavuta ndoo. Usukani uliopinda ulikuwemo. Taa iliyopasuka ilikuwemo. Waya wa mafuta wa zamani, umekunjamana, nao ulikuwemo, na Sindano akauchukua kwa ncha za vidole na kuuweka kwenye mfuko safi wa plastiki. Akaifukua ndoo mpaka chini, mikono ikawa myeusi.

"Kuna kibati," alisema. "Kidogo hivi, kama kidole cha mtoto. Kilikuwa chini ya tangi kimeshika waya. Ulikitoa?"

"Aa, kile!" Spana alichangamka. "Kile kilikuwa kimelegea kidogo tu, shemeji, nikaona kitu kizima hakitupwi. Yako nimeiwekea kipya. Kile nimempa Twiga. Pikipiki yake ni ndugu ya hii, na yeye chake kilianguka zamani. Alikuwa amefunga waya kwa kipande cha mpira wa tairi, aibu tupu. Nikamwambia, njoo nikuvishe kama watu."

Sindano alikaza kanga iliyombeba mtoto aliyelala mgongoni.

"Twiga yuko wapi?"

Walitazamana. Twiga, yule mrefu ambaye magoti yake hugusa usukani, hakuwa uani pamoja na wengine. Alikuwa amepata abiria.

"Amebeba mama na mtoto wake," alisema mmoja. "Amewapeleka kliniki."

Alimpigia. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Twiga hakuwa mtu wa kupokea simu akiendesha, na Sindano, ambaye miezi yote alimsifu kwa hilo, leo alitamani awe na tabia mbaya.

Akawaeleza. Alieleza vibaya, maneno yakipishana, karatasi mkononi: kiwanda, kibanio, kushoto, mzigo. Akawasomea namba. Wanne kati yao wakaenda kuchungulia chesisi zao, na wote wanne wakakuta namba zao zimo.

"Subirini kwanza," Mwenyekiti akasema. Hakuwa anacheka tena. "Shemeji, tunakuheshimu. Lakini karatasi hiyo ikitoka hapa, unajua kitakachofuata? Watakuja na lori, watabeba pikipiki zote, waseme mbovu. Sisi tutakula nini? Utatushonea viti vya kukalia nyumbani?"

Wawili watatu wakacheka, kicheko kikavu.

"Mimi nimeendesha yangu miaka miwili," Mwenyekiti aliendelea. "Nakata kushoto mara mia kwa siku. Haijawahi kunifanya kitu. Mumeo ni ndugu yetu, tumemtengenezea kwa mapenzi. Ila siku ile alikimbia, shemeji. Inatokea. Kubali, tusonge mbele."

Sindano alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale ulimini: ndiyo, alikimbia, mimi nilimwita. Angelisema, mambo yangeishia hapo; wote wangemwonea huruma, wangemsindikiza nyumbani. Akaliuma.

"Twiga akirudi," alisema, "tutaijaribu mbele yenu wote. Isiponguruma, karatasi hii nitaichana mimi mwenyewe."

Wakangoja. Dakika ishirini ni kitu kidogo mtu akiwa anashona. Hapo zilikuwa kama safari. Kila pikipiki iliyotokea mwisho wa barabara ilimnyanyua roho. Mtoto aliamka, akanyonya, akatapika kidogo begani mwake, na yeye hakujifuta.

Twiga alipotokea alikuwa anakuja mwendo wa kawaida, magoti nje kama mbawa, hana habari.

"Mbona mmesimama kama kwenye msiba?"

"Umewafikisha?" Sindano aliuliza.

"Nani? Yule mama? Nimewafikisha salama. Kwani kuna nini?"

"Ulikata kushoto mara ngapi?"

"Shemeji, mimi sihesabu..." Akasita. Alishuka polepole. "Ila kwa kusema ukweli, tangu juzi ina wazimu kidogo. Ukikata, inakuwa kama inataka kuimba. Nikadhani ni mafuta machafu."

Spana aliivuta pikipiki ikasimama kwa stendi ya kati, gurudumu la nyuma likining'inia hewani. Gia huru. Akawasha, akaiacha injini itulie. Akasimama kando yake, kama alivyosimama mkaguzi, akashika usukani na kuukata kushoto, mpaka mwisho.

Injini iliendelea kuhema vile vile, taratibu, haina neno.

Akaurudisha. Akaukata tena. Vile vile.

"Si niliwaambia?" Mwenyekiti alisema, na sauti yake ilikuwa na huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko kejeli. "Shemeji, nipe hiyo karatasi."

Sindano alitazama pikipiki. Hakujua injini; hakuwahi kudai anajua. Alichokijua ni viti. Alikijua kiti cha aina hii kama anavyojua kichwa cha mwanawe, kwamba mbele kina pua nyembamba inayoingia chini ya mkia wa tangi, na kwamba ngozi huchanika hapo kwanza kila mara kwa sababu dereva akikaa, pua inasukuma mbele. Mara ngapi amewashonea kiraka pale pale? Mara ngapi amewaambia, kiti chenu hiki kinalisukuma tangi kama mbuzi?

Pikipiki ikiwa na mzigo, karatasi ilisema.

"Kaa," alisema.

"Nani?"

"Wewe Twiga. Panda ukae. Na mwingine akae nyuma, kama abiria."

Twiga alipanda. Dereva mmoja mnene akajipachika nyuma yake huku wengine wakimtania kwamba sasa hata stendi itaomba msaada. Kiti kilibonyea. Sindano aliinama akaona pua ya kiti ikiteleza mbele, unene wa ukucha tu, na tangi likisogea nayo.

"Usiguse mafuta. Weka mikono juu. Spana, kata kushoto."

Spana akaukata.

Injini ililia. Haikupanda kidogo kidogo. Ililia ghafla, sauti nyembamba ya juu, kama mnyama aliyekanyagwa, na pikipiki nzima ikatikisika juu ya stendi. Twiga alikuwa ameinua mikono yote miwili kama anayeporwa, macho yamemtoka. Moshi ukajaa. Mtoto akaanza kulia na hakuna aliyemsikia.

"Rudisha!"

Spana akaurudisha, na injini ikashuka, ikahema, ikatulia kama hakuna kilichotokea.

Mtu mmoja kule nyuma akasema, polepole, "Mama yule na mtoto wake." Twiga alishuka, akaenda ukutani, akachuchumaa na kichwa kati ya yale magoti yake marefu.

Sindano alikuwa ameshatoa simu. Mumewe alipopokea, hakumsalimia. "Sikiliza tu," alisema, akaisogeza simu karibu na injini. "Spana. Mara moja tena."

Yule dereva mnene alisogea mbele, mwenzake akapanda nyuma yake, Spana akakata kushoto, ikalia tena, nao wakaruka chini. Sindano akairudisha simu sikioni.

"Ndiyo hiyo," mumewe alisema. Sauti ilikuwa imekatika vipande. "Ndiyo hiyo hasa. Nani anaiendesha? Mtoeni! Mwambieni ashuke!"

"Ameshashuka. Ameshashuka, baba."

*

Wakili alipigiwa simu, akaambiwa pikipiki imetengenezwa. Sindano alimsikia akiweka kalamu mezani.

"Hilo ni pigo, sikudanganyi," alisema. "Watasema mmechezea chombo, na watakuwa na pa kusemea. Lakini nimeshaona kesi zikitembea kwa mguu mmoja. Kibanio kiko wapi sasa?"

"Kwenye pikipiki ya mtu mwingine."

"Kisitolewe. Isiendeshwe. Fundi aandike kwa mkono wake alikitoa wapi, siku gani, akakiweka wapi, na wote waliosikia injini watie sahihi. Pigeni video kabla jua halijazama. Na hao wengine wenye namba za toleo hilo, nataka waje Alhamisi, wote. Mtu mmoja wanaweza kumwita mzembe. Watano ni vigumu."

Spana aliandika akiwa amepiga magoti, karatasi juu ya betri, ulimi nje, herufi kubwa kama za mabango. Alipomaliza hakumtazama Sindano usoni.

"Nilitaka kusaidia, shemeji."

"Najua."

"Ningemuua Twiga. Kwa mkono wangu, na kwa roho safi kabisa."

Sindano alimshika bega, akaichukua kalamu awape wengine watie sahihi.

Madereva hawakuondoka kwa pamoja kama walivyokuja. Mmoja mwenye namba ya toleo lile alikata kipande cha mpira wa tairi, akafunga waya wake kama alivyokuwa amefunga Twiga zamani, akasema ana watoto wanne na leo hawajala, akaenda. Mwingine akaenda hivyo hivyo, bila hata kufunga, ila akasema atakata kulia tu, na hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alisimama muda mrefu mbele ya pikipiki yake ya miaka miwili. Kisha akaiweka gia huru na kuanza kuisukuma kwa mkono kuelekea kwake, jua likimchoma kisogo, mtu mzima mwenye tumbo lake.

Alipompita Sindano alisimama. "Nilikuambia alikimbia," alisema. "Nitakuja kumwambia mwenyewe. Si leo. Leo sina uso."

*

Jioni pikipiki ya Twiga ilikuwa uani, chini ya dirisha la chumba chao. Sindano alikuwa ameivalisha turubai kutoka usukani mpaka gurudumu, na sasa alikuwa akilishona likiwa juu yake, kwa ile sindano yake nene ya viti na uzi wa nta, mshono wa kurudia, kutoka chini kwenda juu. Ngozi ya kiti inaweza kufunguliwa na mtu yeyote mwenye koleo. Mshono huu, mtu akiukata, hataweza kuurudisha ukafanana na wa kwanza. Yeye angeujua hata gizani. Mtaalamu wa wakili angekuja kuukata mbele yake.

Mumewe alikuwa amesogezwa mpaka dirishani, mto mgongoni. Mtoto alikaa tumboni kwake akizungusha kifuniko cha chupa kwa kukata kushoto na kulia, kwa bidii.

"Huyu naye atakuwa dereva," alisema.

"Atakuwa wakili," alijibu Sindano. "Dereva tunaye."

Alishona hatua tatu nne. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, lile alilolimeza tangu ajali.

"Siku ile. Ulikuwa unakimbia kwa sababu yangu?"

Kifuniko cha chupa kilianguka, mumewe akakiokota, akamrudishia mtoto.

"Mpaka kwenye mashine ya kusaga nilikuja mbio," alisema. "Sikufichi. Sijawahi kuja mbio vile. Nilikuwa nasikia sauti yako masikioni. Ila kona niliiheshimu, mama. Niliachia mkono mapema, nikajiambia, nisipofika nani atampeleka mtoto? Niliachia mkono wote. Ndipo ikalia."

Sindano alisimamisha sindano.

"Polisi uliwaambia hukuwa na haraka."

"Niliwaambia."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umekaa pale unatetemeka. Ningesema mke wangu alinipigia simu, wangeandika. Sikutaka uandikwe."

Alivuta uzi mpaka ukakaza. Hapo ndipo alipolia, kwa kilio kidogo kisicho na sauti ambacho hakikumzuia kushona. Kumbe jibu halikuwa jeupe wala jeusi. Alimwita, na alikuja mbio, na kisha akapunguza mwendo, na chuma laini cha watu wasiowajua kikakataa. Yote hayo yalikuwa kweli kwa pamoja, na itambidi ajifunze kuyabeba yote.

"Lazima tumwambie wakili," alisema.

"Kuhusu simu?"

"Kuhusu simu. Kuhusu mbio. Wakiligundua wao kwanza watatutafuna. Tukilisema sisi, basi limesemwa."

"Litatupunguzia?"

"Huenda. Sijui." Alijifuta kwa mkono wa nguo. "Lakini sitaki tena kitu ndani ya nyumba hii ambacho mmoja anajua na mwingine anakisia."

Taratibu akanyoosha mkono dirishani kadiri mguu wake ulivyomruhusu, akalishika turubai na kulivuta likanyooka, ili mkewe apate pa kupitisha sindano. Walifanya hivyo mpaka mwisho, yeye akivuta na mkewe akishona, bila maneno mengi. Ng'ambo ya uchochoro pikipiki moja ilipita, ikakata kushoto kuingia barabara kubwa. Wote wawili waliacha walichokuwa wakifanya, wakasikiliza. Injini ilishuka, ikatulia, ikaenda zake.

Sindano akapiga fundo, akaukata uzi kwa meno.